Kwenu Hawajibu

Mtu amekalia kitabu kimoja miaka saba, halafu siku ya kukitetea anakwama mlangoni kwa sababu mlango haumjui. Ndiyo yaliyomfika Mama Kimya Jumamosi ile. Na kabla hujamwonea huruma, subiri kwanza uyasikie, maana na yeye ana lake.

Jina la Mama Kimya alipewa na wanafunzi. Alikuwa mkutubi wa chuo kidogo, kile ambacho ukikizunguka chote unarudi chai yako bado ina moto, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa akizima minong'ono ya wasomaji kwa kidole kimoja mdomoni. Ukubwani akashikwa na hamu ya kusoma tena. Akajiandikisha shahada ya uzamivu, watu wakacheka chinichini, naye akawaacha wacheke. Tasnifu yake ilihusu wizi ambao si wizi: namna wanafunzi wanavyoficha vitabu ndani ya maktaba yenyewe. Kitabu cha mifupa kinapachikwa katikati ya mashairi, ili kesho aliyekificha akikute na mwenzake akikose. Mama Kimya alivifuata vitabu hivyo rafu kwa rafu mpaka akajua kwamba wanafunzi wa sheria ndio mafundi wa kuficha, na kwamba wa uhandisi huficha vibaya kisha hulalamika kuwa wameibiwa.

Sasa kitabu kilikuwa kimeisha, na muda nao ulikuwa umeisha. Usajili wake ulikuwa na siku tatu tu za uhai. Watahini watatu, kila mmoja na mji wake, walikuwa wamepatikana kwa mbinde siku hiyo moja, kuanzia saa nne asubuhi, kwa njia ya video. Ofisi ya uzamivu ilikuwa imemwandikia wazi: mtahiniwa asipoonekana ndani ya dakika kumi na tano, utetezi umeahirishwa. Na kuahirishwa, kwa mtu aliyebakiza siku tatu, ni neno la adabu la kukuambia kwamba umekwisha.

Angekuwa kwao, angekitetea kitabu chake akiwa ofisini kwake na mlango umefungwa. Lakini bintiye alijifungua wiki mbili kabla ya siku zake, mjukuu hakuwa ameisoma ratiba ya mtu, na bibi akapanda basi Jumanne ya wiki hiyohiyo. Nyumba ya bintiye ilikuwa ghorofa ya nne, na mtandao wa simu pale ulikuja na kuondoka kama paka. Jumatano walijaribu kuongea na karani wa ofisi ya uzamivu. Karani alitazama kwa subira, mwisho akasema, "Mama, tunaona paji la uso tu, na limeganda."

Alhamisi akakumbuka jambo. Chuo chao kilikuwa kimejiunga na mtandao wa pamoja wa vyuo, ule ambao ukiwa na jina lako na paswedi yako ya nyumbani unaingia nao kwenye chuo chochote bila kumwomba mtu. Na kutoka kwa bintiye hadi chuo kikuu cha mji ule ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Alikwenda, akaketi maktaba, akafunua laptopu, nayo ikaingia yenyewe bila kumuuliza kitu. Picha ikatulia, sauti ikawa safi. Mkutubi wa pale, kwa udugu wa kazi, akampa chumba kidogo cha kutumia Jumamosi. Mama Kimya alirudi kwa bintiye akimwimbia mjukuu.

Kwa hiyo Jumamosi saa tatu na nusu alifika akiwa ametulia, suti imenyooshwa, karatasi zimepangwa. Akafunua laptopu. Kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka, kikaacha, na mtandao haukuingia. Akazima, akawasha. Kikazunguka tena. Saa tatu na dakika arobaini akaikumbatia laptopu ikiwa wazi vilevile na kushuka nayo ngazi hadi dawati la msaada.

Dawati lilikuwa na binti mmoja aliyening'iniza vifaa vya masikioni shingoni, na nyuma yake ubao wenye taa ndogondogo. Mbele yake walikuwa wamepanga foleni wanafunzi wawili na mwalimu mmoja aliyeshika waya wa printa. Walipomwona mama macho yalivyomtoka, wakampisha wenyewe.

"Mama, paswedi umeiandika sawasawa?" binti aliuliza.

"Mwanangu, mimi ni mkutubi."

Binti akaona kwamba amejibiwa. Akageukia kompyuta yake, akapekua, akakunja uso.

"Njoo utazame hapa, mama. Mtandao wetu haukujui wewe, na wala hauioni paswedi yako. Ukija hapa, sisi tunapeleka swali chuoni kwenu: huyu ni wenu? Kwenu kuna seva inayojibu. Ikisema ndiyo, tunakufungulia. Ikisema hapana, tunakufungia. Leo swali limekwenda mara kumi na moja, na sijapata ndiyo wala hapana."

"Sasa umepata nini?"

"Sijapata kitu. Kwenu hawajibu."

Mama Kimya aliitazama saa ya ukutani. Akamweleza binti kwa kifupi habari ya utetezi na ya siku tatu.

"Hakuna paswedi ya wageni?"

"Ipo, lakini mgeni anajaziwa fomu na idara iliyomkaribisha. Leo Jumamosi, idara hazina watu."

Hapo Mama Kimya, ambaye aliwahi kumfungia mwanafunzi maktaba muhula mzima kwa kumwazima mwenzake kadi, alijisikia akisema maneno ambayo mpaka leo hakubali kuwa yalitoka kinywani mwake. "Basi niingize kwa paswedi yako, mwanangu. Kwa muda wa saa tatu tu."

Binti aliona haya hata kumtazama. "Mama, nikifanya hivyo Jumatatu sina kazi. Paswedi haiazimwi. Hilo ndilo somo la kwanza hapa."

"Najua," alisema Mama Kimya taratibu. "Hata kwetu ndilo la kwanza. Mimi ndiye ninayelifundisha."

"Kompyuta inaonyesha Alhamisi uliingia vizuri," binti alisema. "Basi seva yenu haijafa, imezimwa. Inakaa wapi?"

Seva ilikuwa inakaa kwa Mama Kimya mwenyewe.

Hadi wiki tatu zilizopita ilikuwa jengo la utawala, lakini paa la utawala lilianza kuvuja, na fundi wa mtandao wa chuo akaja kuomba hifadhi. Stoo ya magazeti ya zamani nyuma ya maktaba ilikuwa kavu na baridi. Fundi aliingiza lile sanduku jeusi, akachomeka nyaya zake, akasema, "Mama, hii isizimwe kabisa," naye akaitikia "sawa" bila kuinua kichwa kutoka kwenye sura ya tano ya tasnifu. Na kwenye mlango wa jengo hilohilo, tangu mwaka jana chuo kilipolalamikia umeme, lilikuwa limebandikwa tangazo: kila Ijumaa jioni umeme wa maktaba uzimwe wote kuanzia swichi kuu, hakuna udhuru, hata akiomba mkuu wa chuo. Chini yake sahihi, na muhuri juu ya sahihi. Sahihi ilikuwa ya Mama Kimya. Ijumaa mbili zilizotangulia seva ilikuwa imezimwa vivyo hivyo, lakini wikendi chuoni kwao hubaki paka, walinzi na mtu wa usafi, na hao hawana haja na mtandao. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

"Naomba simu," alisema.

Ndani ya jengo lile simu ya mkononi haikushika, na muda wa kutoka nje kutafuta mtandao haukuwepo, kwa hiyo binti akamsogezea simu ya mezani. Kwanza akampigia fundi wa mtandao. Fundi alikuwa likizo na simu yake imezimwa. Akabaki mtu mmoja tu mwenye funguo, naye ni mtunza jengo, aliyeitwa Kufuli na chuo kizima, na mwenyewe akilipenda jina hilo kuliko la kuzaliwa. Simu iliita kwa muda mrefu.

"Kufuli, mimi Mama. Nenda upesi ukawashe umeme wa maktaba."

"Mama nani?"

"Mama wa maktaba!"

"Mama wa maktaba namba yake ninayo. Siyo hii."

Na hapa ni haki kumtetea Kufuli. Mwaka uliopita kuna mtu alipiga simu getini, akajiita naibu mkuu wa chuo kwa sauti nzito ya shibe, akaamuru viti vya ukumbi vitolewe kwenda kupigwa rangi. Viti hamsini viliondoka na lori huku mlinzi akipiga saluti, na hadi leo havijamaliza kupigwa rangi. Tangu siku ile Kufuli hakumwamini mtu asiyemwona.

"Kufuli, niko safarini, natumia simu ya watu! Washa umeme, ndugu yangu, nina mtihani saa nne!"

"Tangazo limesema hakuna udhuru."

"Hilo tangazo nimeliandika mimi!"

"Yeye ndiye aliyeliandika. Wewe sikujui."

"Jumatatu utanitambua!"

"Hata yule wa viti alitishia hivyohivyo," alisema Kufuli, wala hakukasirika.

Kwenye foleni, ambako sauti ya Kufuli ilifika vizuri, mwalimu mwenye waya wa printa alikuwa ameuma midomo asicheke. Binti wa dawati alishindwa kabisa. "Mama," alinong'ona, "huyo mzee angefaa kuwa seva."

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika saba. Mama Kimya alivuta pumzi. Kutisha kumeshindwa, na kuamuru kumeshindwa, na hayo mawili ndiyo yaliyokuwa zana zake miaka yote.

"Sawa," alisema. "Umefanya vizuri kutoniamini. Basi niulize. Niulize jambo tunalolijua mimi na wewe tu."

"Iko barua," alisema Kufuli. "Mama wa maktaba aliniandikia barua miaka minane iliyopita. Aliiandika yeye, nikaisoma mimi, nakala ikafungiwa kwenye faili. Mke wangu mwenyewe sijamwonyesha. Niambie inasemaje."

Damu ilimpanda Mama Kimya usoni. Barua ile aliikumbuka. Alikuwa ameiandika kwa muda usiozidi kikombe cha chai, akaipenda kwa jinsi ilivyokaza, akaipiga muhuri na kuendelea na kazi zake.

"Kichwa chake ni Onyo kwa Uzembe," alisema kwa sauti ya chini.

"Sikusikii, laini inakwaruza."

"Onyo kwa Uzembe!" Foleni nzima ikasikia.

"Endelea."

"'Usiku wa tarehe kumi na mbili, taa ya chumba cha majarida iliachwa ikiwaka hadi asubuhi.'"

"Endelea."

"'Kitendo hiki ni cha aibu kwa mtu mzima.'" Wanafunzi wawili walikuwa wakitazama viatu vyao. Binti hakuwa anacheka tena.

"Endelea, Mama."

Alishamwita Mama. Angeweza kuishia hapo na funguo zikatoka kiunoni, na yeye alilijua hilo. Lakini mtu aliyeombwa endelea na mwenye haki ya kuomba anaendelea.

"'Mtu anayeshindwa kuzima taa moja,'" alisema, na kila neno likamtoka kama linang'olewa, "'hawezi kuaminiwa kwa jambo lolote la maana.'"

"Ndiyo hiyo," alisema Kufuli. "Hata nukta hukuacha. Nakwenda kuwasha."

Mama Kimya alimsikia akikimbia, funguo zikilia kiunoni. Mlango ukafunguka. Swichi kuu ikapigwa kwa mlio ambao angeutambua hata usingizini.

"Umeme umekuja, Mama."

"Sasa stoo ya magazeti. Kuna sanduku jeusi chini ya dirisha. Lina kitufe cha duara mbele. Kibonyeze mara moja tu."

"Nimebonyeza. Linaunguruma. Taa nyekundu."

"Usiliguse tena."

"Siligusi. Nalitazama."

Saa nne ikapita. Mashine za aina hiyo zikizimwa vibaya huamka kwa madaha. Kwanza hujikagua, kisha hukumbuka, ndipo hufanya kazi. Saa nne na dakika nne. Saa nne na dakika sita. Kijasho chembamba kilimtiririka Mama Kimya ndani ya suti aliyoinyoosha kwa makini. Miaka saba, akawaza, na vitabu vyote vile vilivyofichwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyejificha.

"Imekuwa kijani!" alipiga kelele Kufuli.

Binti alikuwa ameinamia kompyuta yake mpaka pua inakaribia kugusa kioo. "Swali limekwenda," alisema. "Swali limekwenda… Mama, jibu limerudi! Kwenu wamekujua!"

Saa nne na dakika tisa laptopu ikaingia mtandaoni palepale juu ya dawati. Mwalimu alitupa waya wa printa, akaibeba laptopu, akapanda nayo ngazi mbele akipiga kelele "pisheni, pisheni!" na Mama Kimya mwenyewe nyuma akikimbia ndani ya maktaba, jambo ambalo kwao adhabu yake ni kutolewa nje. Saa nne na dakika kumi na mbili watahini watatu waliuona uso wake wote, hadi kidevu.

Yaliyosemwa humo yamo kwenye kumbukumbu za ofisi ya uzamivu, na mengi ni ya kitaalamu. Lakini swali moja sharti nilisimulie. Mtahini wa nje, mwanamke mwenye miwani mizito na sura isiyo na mzaha, alimuuliza: "Na wewe ulipokuwa mwanafunzi, uliwahi kuficha kitabu?" Mama Kimya aliangalia chini, akaangalia juu. "Kimoja," alisema. "Cha takwimu. Nilikipeleka kwenye dini, nikijua hapo hakitaguswa." Mtahini wa nje alicheka hadi akavua miwani, na kuanzia hapo mambo yakawa mepesi. Saa saba kasoro wakamtoa kwa dakika tano, wakamrudisha, wakamwambia amefaulu, kuna marekebisho madogo, na hongera, daktari.

Hakuanza kwa kumpigia bintiye. Alishuka ngazi hadi dawatini, akaomba ile simu.

Kufuli alipokea kabla haijaita mara ya pili. "Naam, Mama."

"Uko wapi?"

"Hapa stoo. Nimekalia magazeti."

"Tangu asubuhi?"

"Yule binti nilimsikia akisema swali limekwenda, swali limekwenda, nikajua huwa linaulizwa tena na tena. Nikaona nikiondoka, atapita mtu wa usafi asome tangazo lako azime. Na kweli amepita. Nimemfukuza."

"Kufuli, nimefaulu."

Simu ililipuka kwa shangwe. Mama Kimya ilibidi aiweke mbali na sikio. Kufuli alikuwa akimwita mtu wa usafi arudi, akimwambia maktaba hii sasa ina daktari wake, na mtu wa usafi, aliyefukuzwa saa moja iliyopita, akapiga kigelegele kilichovuka laini yote. Binti wa dawati akapiga makofi. Ilichukua muda kabla hawajatulia.

"Kufuli," alisema Mama Kimya, "usiku ule, ile taa. Sikukuuliza kwa nini."

"Hukuuliza."

"Nakuuliza sasa."

"Mke wangu alishikwa na uchungu. Nikatoka mbio. Mtoto mwenyewe yuko darasa la pili, na anakimbia kuliko mimi."

Mama Kimya alikaa kwenye kiti cha binti bila kukaribishwa. Alimfikiria bintiye, ghorofa ya nne, na basi alilopanda Jumanne huku kazi zote ameziacha vilevile mezani, na hakuna mtu aliyemwandikia barua.

"Nilikukosea," alisema. "Nilikukosea sana, na niliona raha wakati nakukosea. Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani, Mama. Kuisahau ndiko kulikonishinda."

"Jumatatu naitoa kwenye faili, naichana mbele yako."

"Usiichane!" alisema Kufuli haraka. "Leo bila hiyo ningekujuaje?"

Mama Kimya alicheka, na machozi yakamtoka palepale, mbele ya foleni mpya ya watu wasiomjua. "Basi nitaandika nyingine," alisema. "Ikae juu ya ile."

"Hiyo sawa. Ila na hiyo uijue kwa moyo, maana siku ukinipigia tena kwa simu ya watu nitakuuliza zote mbili."

Binti alikuwa ameshamsogezea karatasi na kalamu. Mama Kimya akaandika kichwa cha barua, akasimama kidogo kutafuta neno, kisha, yeye ambaye aliandika barua zake zote kwa kimya, akaanza kuisoma kwa sauti kadiri alivyokuwa akiiandika, mstari kwa mstari. Na kila alipofika mwisho wa mstari, Kufuli upande wa pili alikuwa akimwambia, "Endelea."